Kujifunza Mbinu za Wasanii wa Kwia: Mwongozo Kamili wa Ubunifu Usiomfungia Mtu Mlango

Mwaka 1991 Félix González-Torres, msanii mzaliwa wa Kuba aliyefanya kazi zake Marekani, alirundika peremende zilizofungwa kwa karatasi za rangi kwenye kona ya ukumbi na kuwaruhusu watazamaji wazichukue. Uzito uliokusudiwa wa rundo hilo ni ratili 175, yaani karibu kilo 79, na kichwa cha kazi kinamtaja Ross, mpenzi wake aliyefariki mwaka huohuo kwa Ukimwi. Kila mtazamaji anapookota peremende na kuitia mdomoni, mwili unaowakilishwa na rundo hilo unapungua, na wenye ukumbi wakitaka wanaweza kuujaza tena. Hakuna picha ya mgonjwa wala hotuba. Kuna utamu mdomoni na kona inayozidi kuwa tupu.

Nimeanza na rundo hilo kwa sababu limebeba kile ambacho mwongozo huu unakitafuta, yaani mbinu. Kwa neno kwia ninakusudia watu ambao mapenzi yao, au namna wanavyojitambua kijinsia, havifuati njia inayohesabiwa kuwa ya kawaida. Kwa Kiingereza neno hilo, queer, lilikuwa tusi kabla ya wenyewe kulitwaa na kulivaa. Wasanii wao, kwa kuwa mara nyingi walizuiwa kusema waziwazi, walilazimika kubuni njia za kusema, na njia hizo zinaweza kufundishwa na kujifunzwa na mtu yeyote mwenye nia njema. Anayetaka tu kubandika upinde wa mvua, alama ya watu wa kwia, juu ya kazi iliyokwisha kukamilika hahitaji mwongozo, gundi inamtosha.

Utahitaji madaftari mawili, vifaa vya sanaa unayoifanya, saa mbili kila wiki kwa muda wa miezi mitatu hivi, na baadaye watu watatu hadi watano wa kufanya nao kazi. Zifuate hatua kwa mpangilio, lakini ukihisi ya tatu inakuvuta zaidi, kaa hapo hata mwezi mzima.

Hatua ya 1: Tazama kazi za watangulizi kwa jicho la fundi

Chagua kazi tatu za wasanii wa kwia katika nyanja tofauti, kwa mfano picha moja, shairi moja na muziki mmoja, kisha kwa kila kazi jibu maswali matatu kwa maandishi: ni jambo gani lililokatazwa kusemwa wakati kazi hiyo inatengenezwa, msanii alipitia njia gani ili alifikishe, na ni nani aliyekusudiwa alielewe. Usiandike kwamba kazi ni nzuri au inagusa. Andika kilichofanyika. Kwa rundo la peremende, jibu la swali la pili lingekuwa hivi: uzito umechukua nafasi ya sura, na mkono wa mtazamaji umepewa kazi ambayo ugonjwa ulikuwa ukiifanya.

Ongeza pia kazi moja iliyochezewa na watu wengine, kwa sababu mikono ya waliofuta hufundisha nayo. Michelangelo aliandika mashairi ya mapenzi, mengi yakimwelekea kijana Tommaso de' Cavalieri. Mjukuu wa ndugu yake alipoyachapisha mwaka 1623, alibadilisha maneno ya kiume yakawa ya kike, na wasomaji waliendelea kusoma mashairi hayo yaliyorekebishwa hadi toleo la mwaka 1863 liliporudisha maneno ya asili. Herufi chache tu mwishoni mwa maneno zilitosha kumwondoa mtu mzima ndani ya shairi. Jambo hilo liweke akilini mpaka tufike hatua ya nne.

Hatua ya 2: Fungua daftari la mambo unayoyakwepa

Daftari la kwanza ni la kuonyeshwa. La pili ni lako peke yako. Katika hilo la pili, kwa siku kumi, kila jioni andika jambo moja ulilolipunguza, ulilolizunguka au ulilolinyamazia siku hiyo mbele ya watu. Si lazima lihusu mapenzi. Inaweza kuwa lafudhi uliyoibadilisha, kicheko ulichokizuia, nguo uliyoivua kabla ya kutoka, au jina la mtu ulilolitaja kwa kuruka. Kwa kila jambo taja pia kitu kimoja kinachoshikika kilichokuwapo: kitasa cha mlango, kikombe, simu iliyolazwa kifudifudi mezani.

Zoezi hili lina sababu yake. Mtu asiyejua yeye mwenyewe anaficha nini huwaona wengine wenye siri kama habari ya kusisimua, na kazi yake hunuka udadisi. Siku ya kumi na moja, soma yote kwa mkupuo, kisha ukusanye vile vitu vinavyoshikika katika orodha moja na kuihamishia kwenye daftari la kwanza. Siri zibaki zilipo. Vitu ndivyo utakavyovifanyia kazi.

Hatua ya 3: Jizoeze mbinu moja baada ya nyingine

Mbinu ya kwanza ni fumbo, na hapa msomaji wa Kiswahili ameanza safari akiwa mbele, kwa kuwa amelelewa kwenye mafumbo. Usiku wa kwanza wa mchezo wake mmoja wa kuigiza jijini London mwaka 1892, mwandishi Oscar Wilde aliwataka baadhi ya rafiki zake wavae maua yaliyotiwa rangi ya kijani kwenye kosi za makoti. Kwa mpita njia lilikuwa ua la ajabu kidogo. Kwa wengine lilikuwa salamu. Fumbo zuri huhitaji wasomaji hao wawili kwa pamoja, yule anayepita na yule anayesimama, na wote wawili lazima wapate kitu. Likimwacha mpita njia mikono mitupu, limekuwa kufuli. Likisimamisha kila mtu, limekuwa tangazo. Chukua kitu kimoja kutoka kwenye orodha yako na ukiingize mara tatu katika kazi fupi: mara ya kwanza kiwe kitu tu, mara ya pili kiwe kimehamishwa mahali pake, mara ya tatu kiwe hakipo na nafasi yake ionekane. Usieleze lolote. Mpe mtu asome, kisha umuulize amekumbuka nini.

Fumbo linaweza pia kupinduliwa. Katika kambi za Wanazi, wanaume waliofungwa kwa ushoga walishonewa pembetatu ya waridi iliyoelekeza ncha chini. Mwaka 1987 kundi la wanaume sita jijini New York walichapisha bango jeusi lenye pembetatu hiyohiyo ikielekeza juu, na chini yake maneno yasemayo kwamba kimya ni sawa na kifo. Umbo ni lilelile, ncha tu ndiyo iliyogeuzwa. Ukitaka kujaribu, tafuta neno au alama uliyowahi kutukanwa nayo wewe mwenyewe, na uamue ni badiliko gani dogo kabisa linaloweza kuigeuza. Alama waliyotukanwa nayo watu wengine si yako kuipindua.

Mbinu ya pili ni ile inayoitwa kempu (kwa Kiingereza camp), ambayo mwandishi wa Marekani Susan Sontag aliichambua katika insha ya mwaka 1964 iliyoifanya ijulikane mbali. Ni mapenzi ya kitu kilichotiwa chumvi kupita kiasi, cha bandia kinachojua kwamba ni bandia: unyoya mmoja zaidi ya inavyohitajika, machozi yanayodondoka kwa mpangilio. Chagua maandishi makavu ya kiofisi, kama vile fomu ya maombi au tangazo la kikao, na uyaandike upya kwa uzito na madaha yanayozidi kila mstari, bila kutoa hata dalili moja kwamba unatania. Mahali ambapo wewe mwenyewe utashindwa kujizuia kucheka ndipo cheo cha ofisi kilipopasuka. Chumvi hiyo itie kwenye cheo, usiitie kwenye kidonda. Kempu inayomcheka aliye dhaifu hugeuka kuwa kejeli za kawaida, na kejeli za kawaida hazihitaji mafunzo.

Mbinu ya tatu ningeipa muda mrefu kuliko zote, nayo ni kugeuza vitu vya nyumbani. Zanele Muholi, mpiga picha kutoka Afrika Kusini aliyezaliwa mwaka 1972, amejipiga mfululizo wa picha za nyeusi na nyeupe ambamo vibanio vya nguo vimepangwa kichwani kama taji, na nyavu za kusugulia sufuria zimekuwa mapambo. Weusi wa ngozi umekolezwa makusudi wakati wa kuandaa picha. Tazama pambo, na kwa sekunde chache unaona malkia. Tazama tena, unaona kazi ya mtumishi wa nyumbani, na unapojua kwamba mama yake Muholi alifanya kazi hiyo kwa miongo mingi, kibanio hakirudi tena kuwa kibanio. Kwa zoezi, weka mbele yako vitu vitano vya matumizi ya kila siku ambavyo mikono ya mtu unayemheshimu ilivishika sana. Kwa kila kimoja jiulize kinaweza kuvaliwa vipi, kurudiwa vipi mpaka kiwe wingi, au kuwekwa wapi ambapo hakijazoea kukaa. Fanya majaribio kwa mwili na kwa mwanga wa dirishani kabla ya kuandika au kuchora chochote. Majaribio mengi yataonekana ya kipuuzi, na ni sawa. Kuna moja litakalokunyamazisha.

Mbinu ya nne ni kuunganisha vipande. Tarehe 11 Oktoba 1987, kwenye uwanja mkubwa katikati ya Washington, ulitandazwa mfarishi wa viraka 1,920, kila kimoja kikiwa na takriban sentimita 90 kwa 180, kipimo kinachokaribia kile cha kaburi, na kila kimoja kikimkumbuka mtu aliyekufa kwa Ukimwi. Cleve Jones ndiye aliyeanzisha wazo hilo, lakini viraka vilishonwa na ndugu, wapenzi na rafiki, wengi wao wakiwa si mafundi. Jambo la kuiga hapo ni kipimo. Kila mtu alikuwa huru kuhusu kitambaa, herufi na mapambo, ila ukubwa ulikuwa mmoja, na ukubwa huo ndio uliowezesha mikono isiyojuana kutengeneza kazi moja. Ukipanga kazi ya pamoja, funga sharti moja tu na uache mengine yote wazi.

Kuhusu kasi nitasema kidogo. Keith Haring, kati ya mwaka 1980 na 1985, alichora kwa chaki nyeupe kwenye karatasi nyeusi zilizofunika matangazo yaliyopitwa na wakati katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini New York, na mstari wake wa mara moja usiofutwa ulitokana kwa sehemu na hatari ya kukamatwa. Jipe dakika tatu na chaki. Usirudie mstari.

Hatua ya 4: Chunguza lugha yako kabla haijakuchunguza

Yale yaliyompata Michelangelo ni vigumu kumpata mshairi wa Kiswahili kwa njia ileile. Katika sentensi hii, "alimsubiri kituoni mpaka jua likazama, na alipofika hakumwambia kwamba alikuwa na njaa," hakuna herufi hata moja inayofichua kama wawili hao ni wanaume, wanawake, au mmoja na mmoja. Muholi, anayetumia kiwakilishi kisicho na jinsia kwa Kiingereza, kwa Kiswahili hahitaji chochote cha ziada. Hii ni zawadi, na waandishi wengi hupita juu yake bila kuiona.

Lakini jinsia hujificha mahali pengine. Hujificha katika majina ya undugu, katika bwana na bibi, na zaidi ya yote katika kitenzi kimoja: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mmoja mtendaji na mwingine mtendwa. Kuoana pekee ndiko kunakowaweka sawa. Kwa hiyo andika ukurasa mmoja wa mapenzi usio na oa wala olewa, usio na bwana, bibi, kaka wala dada, kisha mpe msomaji na umwombe akueleze wahusika wana sura gani. Atakuambia kwa uhakika wote. Uhakika huo haukutoka kwenye ukurasa wako, na ukishauona kwa mtu mwingine utaanza kuuona katika maandishi yako mwenyewe. Rudia ukurasa huo kwa mara ya pili ukiweka wazi jinsia zote, na uulize kazi imepoteza nini na imepata nini, maana kuna wakati utata ni sanaa na kuna wakati ni woga uliovaa nguo za sanaa. Uamuzi ufanye kwa kila kazi peke yake.

Angalia pia majina ya watu. Shoga katika vinywa vya wanawake marafiki ni neno la upendo. Likirushwa kwa mwanamume barabarani ni jiwe. Usimpachike mtu jina kwa sababu umelikuta kwenye kamusi. Muulize anajiitaje, na ulitumie hilo.

Hatua ya 5: Wape watu wengine nafasi ya kweli ndani ya kazi

Niliwahi kuandika hadithi yenye mhusika shoga niliyemwona kuwa mpole na mwenye heshima, na nikajipongeza. Msomaji mmoja wa kundi letu aliweka kidole kwenye ukurasa wa sita na kuuliza, "Mbona umemuua?" Nilianza kueleza kwamba kifo chake kilikuwa kinamfundisha kaka yake jambo, nikasikia maneno yangu yakitoka, nikanyamaza. Mhusika huyo hakuwahi kula chakula katika hadithi nzima, hakuwa na kazi, hakuudhika na jambo dogo hata mara moja. Alikuwa somo lenye miguu.

Tangu hapo hutumia kipimo kilichotungwa mwaka 2013 na GLAAD, shirika la Marekani linalofuatilia jinsi watu wa kwia wanavyoonyeshwa katika vyombo vya habari, na kupewa jina la mwanahistoria wa sinema Vito Russo. Kinauliza mambo matatu: je, yupo mhusika anayetambulika kuwa wa kwia, je, ana sifa nyingine zaidi ya hiyo, na je, akiondolewa, mtiririko wa kisa unaharibika? Mimi huongeza la nne: anataka nini leo asubuhi ambacho hakihusiani kabisa na anayempenda? Mhusika anayetafuta ufunguo wa pikipiki yake huishi haraka kuliko anayetafuta kukubalika.

Ikiwa kazi yako inawahusu watu halisi, viwango vinapanda. Muholi, katika mradi wa picha za wasagaji na watu waliobadili jinsia ulioanza mwaka 2006, huwaita waliopigwa picha washiriki, na baadhi yao amewapiga tena baada ya miaka kupita. Fuata mfano huo kwa vitendo. Mweleze mshiriki kwa maneno ya kawaida kazi itaonekana wapi na nani anaweza kuiona. Mwonyeshe picha au maandishi kabla ya kuyatoa. Kubalianeni mapema kwamba anaweza kujiondoa hadi tarehe fulani, na siku hiyo ikifika muulize tena hata kama hajasema kitu. Ridhaa iliyotolewa chumbani kwa kicheko huenda isiwe ridhaa ya kubandikwa ukutani.

Hatua ya 6: Tafuta nyumba

Katika mashindano ya densi na mavazi ya Harlem, New York, washiriki wa kwia, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walijipanga katika nyumba, kila moja ikiwa na mama au baba aliyewapokea vijana, wengi wao wakiwa wamefukuzwa makwao. Crystal LaBeija, aliyechoshwa na mashindano ambamo waamuzi waliwapendelea weupe, alianzisha nyumba yenye jina lake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mashindano yaligawanywa katika vipengele vingi, vya kutembea, vya uso, vya mavazi, vya densi, na mgawanyo huo ulimpa karibu kila mtu mahali pa kung'ara.

Kundi lako dogo lichukue mambo mawili kutoka hapo. La kwanza, mwenye uzoefu awe na jukumu linalotajwa la kumlea mgeni. Ukarimu wa jumla usiokuwa na mwenyewe huwa haumfikii mtu. La pili, badala ya kuuliza kama kazi ni nzuri, kila kikao kiwe na kipengele chake kilichotangazwa mapema: leo tunatazama mikono, wiki ijayo mwanzo, ijayo tena ukimya. Aliye dhaifu katika rangi anaweza kuwa bingwa wa mwanzo. Mwenye kazi ndiye azungumze mwisho, na swali lolote kuhusu maisha yake binafsi analo haki ya kuliacha bila kujibu.

Hatua ya 7: Lipa deni

Densi ya vogu, ambayo wachezaji huganda katika mikao ya wanamitindo wa majarida, ilitoka katika kumbi hizohizo na kuenea duniani kote kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Muziki wa hausi, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, ulipata jina lake kutokana na klabu ya Warehouse jijini Chicago, ambako DJ Frankie Knuckles alianza kupiga muziki mwaka 1977 kwa wachezaji ambao wengi wao walikuwa wanaume weusi mashoga. Mamilioni wameucheza bila kujua hilo. Ukiazima mbinu, taja ulikoitoa katika maelezo ya kazi, kwa jina la mtu na mahali. Ukimwalika mtu akufundishe au akukosoe kwa sababu ya maisha aliyopitia, mlipe kama unavyomlipa fundi mwingine yeyote, na makubaliano yafanyike kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya 8: Amua nani aone, kisha hifadhi

Chora miduara mitatu: wale wanaoweza kuona kila kitu, wale wanaoweza kuona kazi bila majina, na umma. Kila kazi iandike katika mduara wake kabla ya kuitoa, ukizingatia sheria za mahali ulipo na mahali walipo washiriki, kwa kuwa zinatofautiana sana. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake tarehe na mahali ilipopigwa, kwa hiyo taarifa hizo ziondoe kabla ya kuituma. Angalia pia dirisha lililo nyuma, bango la duka, sare iliyotundikwa ukutani. Jina la kubuni si aibu. Limetumika katika sanaa kwa karne nyingi.

Kisha hifadhi. Sappho, mshairi wa kike wa Ugiriki ya kale aliyeimba katika kisiwa cha Lesbos karibu miaka 2,600 iliyopita, aliacha mashairi mengi, na leo ni moja tu linalohesabiwa kuwa limetufikia zima. Mengine ni vipande. Kwa hiyo, nyuma ya kila kazi andika kwa penseli jina unalotaka kujulikana nalo, tarehe, vifaa, na walioshiriki kama walivyokubali kutajwa. Weka nakala mbili katika sehemu mbili tofauti. Chagua mtu mmoja unayemwamini, na umwambie kwa maneno yasiyozunguka daftari la kwanza liko wapi, na daftari la pili lifanywe nini.